Niliiba Biki ya Ya Gracia ku Sahani ya Baraka

Njo mi, ndiyo mimi. Hakuna mutu alinisukuma, sikulewa, shetani hakunishika mukono. Nilikuwa na akili yangu yote, na wakati nilikuwa nafanya ile kitu nilikuwa nacheka!

Jina langu muliache. Kama uko wa Kapata, mutaa wetu wa mine, utanijua mbele ufike katikati, juu mi njo ule kijana anaigaga sauti ya batu. Pasteur, préfet mukuu wa masomo, mama wa mukate, bote niko nabo hapa mu koo. Ukinijua, ikala kimya. Acha nimalize.

Kwa benye habajue: kwetu, mbele ya examen d'État, mutihani wa serikali, finaliste, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, anapeleka biki yake, kalamu ya kuandikia, ku kanisa. Bamama banaziweka zote mu sahani moja kubwa, pasteur anazipakala mafuta, kanisa lote linanyoosha mikono na kuomba. Kisha kila mutoto anarudishiwa biki yake, na njo ile anaingia nayo mu examen. Rafiki yangu moja alibarikisha yake ku katoliki, kisha akaileta na kwetu. Tulimuambia atafute na imam, iwe complet.

Munaona? Hata sasa niko nachekesha. Njo ugonjwa yangu.

Sasa, biki zote zinafanana. Plastiki moja, wino moja ya bulu, kifuniko moja. Njo maana kila mama anaweka alama. Mwengine anafunga lastiki, mwengine anapaka vernis ya makucha. Mama Thérèse, mama yake Ya Gracia, alichomoa uzi mweupe ku kitambala chake cha kichwa, kile cha siku ya mungu, jumapili, akaufunga ku shingo ya biki. Alifunga kafundo kadogo sana. Nilimuona. Alikuwa anaomba mu Tshiluba, luga ya kwabo, wakati anafunga.

Ya Gracia njo alikuwa finaliste; tunamuita Ya, dada mukubwa, hata si wa tumbo moja. Mi nilikuwa mwaka moja nyuma yake. Mulango yabo inaangalia mulango yetu, mu bile binyumba bya kampani ya zamani bya kufanana vile hata mulevi anaingiaga kwa jirani na kuomba bukari, ugali. Nkambo yake, babu, alitoka Kasai juu ya kazi ya mine, mu mugodi, akabakia, na familia yote njo hawa: banafanya kazi, banauzisha, banaimba ku kanisa. Ya Gracia alikuwa anafundisha Ekodim, masomo ya batoto ya siku ya mungu. Alinifundisha na mi, wakati nilikuwa kadogo na kamasi mu pua.

Na kitu ingine. Mwaka ule nilikuta micro ya kanisa, kipaza sauti, iko wazi, mi sikujua, nikaomba sadaka ya mara ya pili na sauti ya pasteur. Muzee moja nyuma alishasimama, anatafuta mu mufuko! Kanisa lote lilianguka na kicheko. Diacre, shemasi wa kanisa, alinishika sikio, alitaka kunitosha, kunifukuza kabisa mu kikundi ya bavijana.

Ya Gracia njo alisimama. Akasema: "Tata Diacre, umuache. Siku moja ile kinywa itasema kitu ya Mungu."

Muiweke hii ku kichwa. Itarudia.

Basi siku ya kubariki biki, nani alipewa kazi ya kubeba sahani? Mi! Ni yeye Ya Gracia aliomba banipe, ati niikale na heshima kidogo. Nilivaa shemizi nyeupe, shati ya siku ya mungu. Nilitembea polepole na sahani, na sura ya malaika, barafiki bangu ku banc, benchi ya nyuma, banajiuma midomo.

Pasteur alipakala mafuta. Aliomba mpaka jasho. Bamama balilia. Kisha nikarudisha sahani mu kachumba ka nyuma, kule banawekaga bangoma, juu tungoje mwisho wa ibada. Nilibakia pale mi peke yangu na zile biki zote, zinang'aa mafuta sawa samaki.

Na mu mufuko nilikuwa na biki ya buvette.

Tantine yangu iko na buvette, kabaa kadogo ka pombe, kando ya barabara ya kuenda Fungurume. Bachauffeur ba malori na bacreuseurs, bachimbaji ba madini ba mikono, banakunywaga pale. Nyuma ya comptoir, meza ya kuuzia, kulikuwa biki ilifungwa na kamba. Batu balikuwa banachora nayo mistari ya kuchezea drafti ku carton. Creuseur moja, bakimushinda, alikuwa anajikuna nayo mu masikio. Niliona kwa macho yangu! Ile njo niliikata kamba na kuleta mu nyumba ya Mungu.

Nilifungua kafundo ka Mama Thérèse. Kalikuwa kagumu, nilikafungua na meno. Nikatosha uzi, nikaufunga ku ile ya buvette. Biki ya kweli, yenye mafuta, nikaisukuma mu soksi yangu.

Juu nini? Munaniuliza juu nini? Sikumuchukia. Nilitaka tu iwe kichekesho kikubwa kupita bichekesho byote. Nilishaona namna nitaisimulia. Bale benye kucheka bananielewa: mbele ya kufanya kitu, tunasikia kicheko ya batu mu masikio, na miguu inaenda yenyewe.

Ibada ikamalizika. Ya Gracia akachukua biki ya buvette ku sahani, akaibusu. Ndugu zangu, aliibusu! Nikaficha uso mu kitabu cha nyimbo, mabega yanatetemeka. Mama moja kando yangu alinipapasa mugongo. Alifikiri niko nalia.

Examen ikapita. Sikusema kitu, nilikuwa naivisha kichekesho yangu.

Siku matokeo yalitoka, munajua namna Kapata inakuwaga. Vuvuzela, masufuria, poda nyeupe ku bichwa. Ya Gracia alipita! Balimumwagia poda mpaka alionekana sawa mukate mbele ya tanuru. Mama Thérèse alipiga magoti mu vumbi mu njia, motokari zikasimama kumungojea, na hakuna chauffeur alipiga klaksoni kwa hasira. Na mi nilicheza. Nilifurahi, kweli. Musifikiri sikufurahi.

Siku ya mungu yenye ilifuata ilikuwa ibada ya shukrani. Pasteur akaita bafinaliste bamoja kwa bamoja juu ya ushuhuda. Wengine balisema tu "asante Yesu" na kuikala. Ya Gracia alichukua micro na mikono mbili.

Akasema: "Siku ya hesabu nilibakia bila kitu. Nilisoma swali, nikaisoma tena, nikaona sawa ukuta. Nilifikiria baba yangu mwenye iko mu lupangu ya wafu, mama yangu anauzisha ndizi juu nisome. Nikashika hii biki." Akainyanyua, na ule uzi mweupe. "Nikasema, Baba, balinyoosha mikono juu ya hii kitu, usiniache. Na nilisikia mukono. Hapa, mugongoni. Mukono wa moto, wa kweli. Amani ikanishuka sawa maji. Nikaangalia tena swali, na ile ukuta ilikuwa mulango."

Bamama bakapiga vigelegele. Akageukia benye kubakia, akaangalia banc yetu.

"Mudogo zangu," akasema, "mwaka ujao njo ninyi. Musiogope. Ninaenda Lubumbashi kusoma, simujue mutu kule, lakini sasa ninajua Mungu Iko. Hakuna mutu ataniambia tena haiko. Nilimusikia."

Haleluya ikatikisa mabati. Na mi? Mi nilikuwa nauma ngumi. Kicheko kilikuwa kinapanda ku shingo sawa biere ya moto.

Muone namna mutu anaweza kuwa mujinga! Alisema kitu yenye mutu anasemaga mara moja mu maisha yake, na mi nilikuwa napima wapi nitaweka pause ya kungojesha kicheko.

Nyuma ya ibada kulikuwa chakula mu kiwanja. Bukari, sombe ya majani ya muhogo, samaki. Sikuweza tena kushika kicheko. Nikaita barafiki bangu kando ya ukuta, nikabasimulia. Tantine, kamba, masikio ya creuseur, kafundo, soksi. Balilala chini! Moja alimwaga Fanta kwa pua.

Ya Gracia akakuya na sahani yake. Nguo ya pinki, poda kidogo ingali inabakia mu nywele.

"Munacheka nini? Na mi nicheke."

Rafiki moja akasema: "Hapana, Ya Gracia, ni bujinga yetu."

Ningeweza kuachia pale. Mulango ilikuwa wazi kabisa. Lakini alikuwa anatabasamu, alikuwa anangoja kichekesho, na mi siwezi kuacha mutu anangoja.

Nikatosha biki ya kweli mu mufuko. Mafuta ilishakauka, ilishika vumbi. "Ya Gracia, biki ya baraka njo hii. Ile yako, ile ya mukono wa moto..." Nikageuza sauti, nikaweka ya pasteur: "...ile inatoka ku BUVETTE, haleluya!"

Hakuna mutu alicheka. Ni mara ya kwanza mu maisha yangu.

Ya Gracia aliangalia biki. Aliangalia yake. Aligusa uzi na kidole, pale fundo ilikuwa ya namna ingine.

"Hii fundo si ya mama," akasema. Polepole, sawa mutu anasoma.

Kisha yeye njo alicheka. Kidogo, pua tu. Akaweka sahani chini, samaki mzima, hakugusa. Nilinyoosha biki ya kweli juu aichukue.

"Bakia nayo," akasema. "Mi niko na yangu."

Akaenda kusaidia bamama kuosha masufuria. Nikajiambia: ah, haikuwa kitu, Ya Gracia ni mukubwa, anajua kucheza.

Asubuhi yenye alienda Lubumbashi, bamama bakamuzunguka mu lupangu, kiwanja ya nyumba yabo, mikono ku kichwa, ku mabega, wengine balishika hata valizi. Bote bakafunga macho. Mi sifungaga macho wakati wa maombi, niko naangaliaga nani anasinzia. Nikainua macho, na Ya Gracia alikuwa ananiangalia.

Katikati ya ile mikono yote, macho wazi. Hakukasirika. Aliniangalia sawa mutu anangojea bus na wewe, ku kituo moja. Sawa aliniambia: kumbe na we unafanyaga hivi?

Ile macho ingali mu nyumba yetu. Ninalala nayo.

Miezi ikapita. Mama Thérèse alikuwa anatuambia, Gracia anasoma muzuri, Gracia anasalimia. Kisha akaanza kusema kidogo. Kisha, mbele ya Noeli, akakuya kwetu jioni moja, mama yangu na mi tulikuwa tunabambua karanga. Aliikala ku kiti bila kungoja bamukaribishe, na Mama Thérèse si mutu wa vile.

"Mutoto yangu hasali tena," akasema.

Mama yangu: "Namna gani hasali?"

"Alirudia juzi. Siku ya mungu alibakia ku kitanda. Nilisema, muana wanyi, mutoto yangu, simama, batoto ba Ekodim banakungojea na nyimbo. Akaniambia, mama, nenda tu. Kule Lubumbashi hakutafuta hata kanisa moja. Hata moja! Mbele ya kula haombi. Nimemuuliza, ni mwanaume? Hapana. Ni barafiki? Hapana. Anacheka tu, kacheko kamoja vile... sikajue." Akashika kichwa. "Eh Maweja, Mungu wetu! Nani alinifanyia mutoto yangu hivi?"

Karanga ilikuwa mukononi mwangu. Sikuweza kuibambua. Sikuweza kuiweka chini.

Mama Thérèse akageuka. Akanishika mukono, ule mwenye karanga. "We njo unamuchekeshaga, tangu munakuwa badogo. Tata, nenda umuone. Umusemeshe. Labda wewe atakusikia."

Aliniita Tata, baba! Mutoto sawa mi. Aliniomba na heshima yote, mi, niende kumutia nguvu mutoto mwenye mi njo nilimuvunja.

Nilienda. Ningesema nini? Ya Gracia alikuwa nyuma ya nyumba, anafua. Aliponiona akapangusa mikono.

"Mama njo alikutuma."

"Ndiyo, Ya."

"Basi anza. Weka sauti ya pasteur."

"Ya Gracia, nisamehe."

"Nilishakusamehe siku ile ile. Ilikuwa kichekesho muzuri. Kule Lubumbashi niliisimulia bakamarades ba masomo, balicheka mpaka machozi." Akaweka sauti ya pasteur, vizuri kunipita: "Ku BUVETTE, haleluya!"

Mungu wangu. Kusikia sauti yangu inatoka mu kinywa yake! Nilitamani ardhi ipasuke, na kwetu ardhi inapasukaga kweli, mashimo ni mingi.

Nikasema: "Lakini si juu ya biki tu unaacha kusali. Biki ni biki. Ulifaulu juu ulisoma."

"Njo vile," akasema. "Nilifaulu juu nilisoma. Mi si mutoto, nilijua tangu zamani biki ni plastiki. Pasteur mwenyewe anasemaga, ni alama tu." Akachukua shemizi mu maji, akaikamua mpaka ikalia. "Lakini ule mukono. Unaelewa? Ule mukono sikuuzua. Niliusikia hapa. Nikasema mbele ya batu bote ni Yeye, juu nilimuita na biki yenye balimuombea. Kumbe nilikuwa nashika kitu ya kujikunia masikio. Na nilisikia ile ile amani! Sasa niambie we, mwerevu. Ule mukono, ulikuwa wa nani?"

Nikaokota sabuni chini, nikamunyooshea.

"Mbele, nilikuwa na kitu moja tu ya kwangu," akasema. "Si ya mama, si ya pasteur, yangu. Sasa kila nikifunga macho niombe, ninasikia munacheka ku ukuta. Njo nilianza kuyaacha wazi."

Nikasema kitu ya bujinga. Nikasema: "Lakini uzi... uzi ulikuwa na mafuta, Ya. Uzi ulibarikiwa."

Alicheka ile kacheko ya pua. "Basi alikuwa anaikala mu uzi. Asante, Docteur."

Na pale, ndugu zangu, njo ilikuya. Sijui ilitoka wapi, haikutoka mu kichwa yangu. Nilisikia tu kinywa yangu inasema: "Ya Gracia, labda Mungu alikuya juu yako wewe. Alijua mi nilikuibia biki. Alijua kuko mujinga moja alikupatia ya buvette, na akakuya vile vile. Hakuhitaji mafuta. Alikuya tu kwako, juu ni wewe ulimuita."

Niliisema bila sauti ya mutu. Ilikuwa sauti yangu, na hata mi siijue vizuri. Nywele ilinisimama ku mikono. Juu niliamini! Mi, mwenye kuangalia nani anasinzia, pale nyuma ya nyumba kati ya mabeseni, niliamini kila neno. Yeye alitokea ku mulango ule ule mi niliingilia. Tulipishana.

Ya Gracia aliniangalia. Nikaona kitu mu uso yake, sawa mutu anasikia hodi.

Kisha macho ikashuka ku kinywa yangu. Akangoja. Nikaelewa alikuwa anangoja nini. Alikuwa anangoja mwisho ya kichekesho!

"Endelea," akasema. "Malizia. Banani banajificha ku ukuta, banangoja kucheka?"

"Hakuna mutu, Ya. Niko peke yangu. Ni kweli."

"Ni muzuri sana," akasema. "Ingekuwa mutu mwengine aliisema, ningelia."

Akaingia mu nyumba. Akarudia na ile biki ya buvette, uzi mweupe ungali ku shingo. Akaiweka mu mukono yangu.

"Mwaka huu njo wewe finaliste. Weka hii ku sahani. Utaniambia kama unasikia kitu."

Mine ikapiga baruti kule mbali, madirisha ikatetemeka sawa kila siku, na batoto mu njia bakaendelea kucheza. Nilirudia kwetu. Mama Thérèse alikuwa anangoja ku mulango. "Alikusikia, Tata?" Nikasema alinisikia. Ilikuwa buongo, na haikuwa buongo.

Alirudia Lubumbashi kisha ya Bonana, mwaka mupya. Hakuna tena mikono ku kichwa, alikataa polepole, alisema motokari inangoja. Batoto ba Ekodim, sasa mama moja muzee anabafundisha, banapiga kelele, banauliza Ya Gracia atarudia lini. Kadada kamoja kaliniuliza mi. "We unamujuaga. Alikasirikia Yesu?" Nilikapatia bonbon, peremende. Njo tu nilikuwa nayo.

Na mi naendelea mu masomo. Prof anaandika ku tableau, ninasikia: ulikuwa wa nani? Ninaenda kuchota maji: ulikuwa wa nani? Barafiki banasema, weka sauti ya préfet kidogo, ninaweka, banacheka, na katikati ya kicheko ninaona mutu moja hacheki, macho wazi, na nikigeuka hakuna mutu. Siku ingine nililala mchana, nikaota niko nafungua kafundo na meno, ninafungua, ninafungua, uzi haumaliziki, unatoka mu kinywa yangu.

Sasa ninasali. Eee, mi! Kwa siri, mama asinisikie, angeitisha kanisa lote. Ninasali juu ya Ya Gracia, na sijui kama inafika. Ninasema, Baba, ulikuya mara ya kwanza bila mafuta, kuya tena bila mi. Tuma mutu mwengine. Mutu mwenye hachekeshaga.

Siku ya mungu inayokuya njo kubariki biki yetu. Mama yangu alishanunua yangu. Aliniuliza, tuweke alama gani? Nikaenda inje, sikutaka aone sura yangu.

Sasa munisikie, ninyi bote benye kuwa na mudogo, mukubwa, rafiki mwenye anamaliza masomo mwaka huu. Mutu mwenye anatoka kwabo anaondoka na kitu kadogo sana mu mukono. Pengine ni bujinga, pengine ni uzi tu. Usikaguse! Kama uko na neno ya kumutia nguvu, umupatie. Kama hauna, beba valizi yake. Usimuonyeshe we ni mwerevu.

Na ninyi ba namna yangu, bachekeshaji, hii ni yenu. Kinywa yenye unachekesha nayo leo, siku moja itashika kitu ya kweli, na mutu atakuwa mbele yako anahitaji ile kitu sawa maji. Atakuangalia. Na atangoja ucheke. Ya Gracia alisema siku moja kinywa hii itasema kitu ya Mungu. Ilisema. Yeye njo alisikia, na yeye njo hakuweza kuamini, juu ilikuwa mu kinywa hii.

Nilimuandikia Ya Gracia mu simu: nitasimama siku ile ya kubariki biki mbele ya kanisa, mbele ya mama yako, nitasema yote. Aliona. Hakujibu. Sijui kama ni ndiyo.

Ninaogopa pasteur kidogo. Mama Thérèse ninamuogopa sana, juu alinishika mukono na kuniita Tata. Lakini kitu ninaogopa kupita yote ni hii: nikisimama tu, mbele hata sijafungua kinywa, batacheka. Banachekaga kila mara nikisimama. Bale ku banc ya nyuma bataanza, bamama batafuata, na mi nitakuwa pale nalia na bote batafikiri ni sauti ya mutu.

Basi kama utakuwa mu ile kanisa, na unaona kijana wa shemizi nyeupe anasimama na biki mbili mu mukono, moja na uzi, moja bila, ninakuomba.

Usicheke.